Kwa nini picha ya molekuli inang'aa kwenye skrini na kufifia kwenye bango

Siku chache kabla ya tarehe 19 Juni, ambayo dunia huadhimisha Siku ya Selimundu, nilisimama kwenye duka la steshenari hapa Mwanga, Kigoma, nikingoja bango la ukubwa wa A1 litoke kwenye mashine. Lilikuwa bango la klabu ya sayansi ya sekondari. Katikati tuliweka picha ya hemoglobini, ile protini ya ndani ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, na tulichagua ya mgonjwa wa selimundu ili wanafunzi wauone ugonjwa pale unapoanzia. Kwenye kompyuta picha ilikuwa safi. Kwenye bango ilitoka na ukungu, kingo zake zimekuwa ngazi ngazi kama zimejengwa kwa matofali, na ile sehemu moja tuliyotaka kila mtu aione ilikuwa doa tu la rangi ya chungwa.

Palepale kila aliyekuwapo akatoa hukumu. Mmoja alisema wino umeisha nguvu. Mwingine akalaumu karatasi. Kijana aliyekuja kutoa kopi akashauri tufungue faili, tubadilishe namba ya DPI, yaani idadi ya vitone kwa inchi, kutoka 72 iwe 300, mambo yatakuwa sawa. Mwanafunzi wangu akajilaumu kwamba bando lake lilikuwa dogo, kwa hiyo picha haikufunguka yote. Fundi wa mashine, ambaye kati yetu sote ndiye pekee aliyekuwa sahihi, alisema kwa upole, "Mwalimu, mimi nimechapa nilicholetewa."

Tangu siku ile nimeulizwa jambo hilohilo na walimu wenzangu wa Ujiji na Gungu, na vijana wanaoandika tasnifu za chuo, na kila mara naona tunalaumu mashine, wino na mtandao. Kosa hutokea mapema zaidi, dakika ile tunapoitoa picha kwenye kivinjari. Ukielewa kinachotokea dakika hiyo, mengine yote yanakaa mahali pake.

Unachokiona hakijapigwa na kamera

Molekuli ni kundi la atomu zilizoshikana. Protini ni molekuli kubwa sana kwa vipimo vya kemia: hemoglobini moja ina asidi amino 574, vile vipande vidogo vinavyojenga protini, zilizopangwa katika minyororo minne. Lakini kwa vipimo vyetu ni kitu kidogo mno. Upana wake ni kama nanomita 6, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona kwa macho yanaanzia karibu nanomita 400. Kitu kinachozidiwa na mwanga wenyewe kwa kiasi hicho hakipigiki picha ya kawaida, hata uwe na kamera ya bei gani.

Wanasayansi hupata umbo lake kwa njia nyingine, kama vile kupitisha eksirei kwenye fuwele za protini. Kwa njia hiyo Max Perutz alifungua umbo la hemoglobini na John Kendrew la myoglobini, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962. Kinachotoka mwisho wa kazi hiyo ni orodha ya namba: hii ni atomu ya kaboni, iko hapa, inayofuata ni ya nitrojeni, iko pale. Namba tatu kwa kila atomu, kwenda upande, kwenda juu na kwenda ndani. Hata rangi hazimo. Oksijeni kuwa nyekundu na nitrojeni kuwa ya buluu ni mapatano ya wachoraji ili tusome kwa urahisi.

Orodha hizo huwekwa kwenye hazina inayojulikana duniani kote kama PDB, yaani Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971. Leo ina miundo zaidi ya 200,000, na yeyote anaruhusiwa kuichukua bure. Kila muundo una utambulisho wa alama nne, mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Hemoglobini ya kawaida ya binadamu isiyo na oksijeni ni 4HHB. Ya selimundu, tuliyoitumia sisi, ni 2HBS.

Kitazamio cha molekuli ni programu inayoisoma orodha hiyo na kukuchorea. Zamani ilibidi usakinishe programu nzito kwenye kompyuta yenye nguvu. Tangu WebGL, teknolojia ya kuchorea ndani ya kivinjari, ilipotoka mwaka 2011, ukurasa wa kawaida wa intaneti unaweza kuiamuru chipu ya picha iliyo ndani ya kompyuta au simu yako ichore vitu vya pande tatu. Ndipo vikaja vitazamio kama NGL, 3Dmol.js na Mol*, na hiki cha mwisho ndicho utakachokikuta ukifungua muundo kwenye tovuti ya PDB ya Marekani. Kwa shule ya huku kwetu hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mtoto wa Kibirizi mwenye simu ya kawaida anageuza mkononi mwake hemoglobini ileile anayoitazama profesa wa ng'ambo, bila leseni na bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa shika hili. Picha iliyo mbele yako haijahifadhiwa popote. Inachorwa upya kila unapoigusa, mara nyingi kwa sekunde moja, na anayeichora ni kifaa chako mwenyewe, si kompyuta ya mbali. Kwa hiyo yule mwanafunzi wangu hakuwa na kosa lolote. Bando lilitumika wakati wa kufungua ukurasa na kupakua orodha ya atomu. Baada ya hapo unaweza kugeuza, kusogeza karibu, kubadili rangi na kutoa picha kubwa hata mtandao ukikatika, na bando haliguswi.

Mfikirie fundi cherehani. Daftarini ana mshono na vipimo vyake. Kwa vipimo hivyo ameshona gauni la kitenge la mtoto wa miaka mitano. Kesho unautaka mshono uleule kwa mtu mzima. Unaweza kulishika gauni la mtoto ukalivuta mpaka limwenee mama, au ukarudi kwa fundi akate kitambaa upya kwa kipimo kikubwa. Hakuna mwenye akili zake anayelivuta gauni. Lakini kwenye picha za molekuli ndivyo tunavyofanya kila siku: tunapiga skrinishoti, ambayo ndiyo gauni la mtoto, kisha tunaivuta ijae kwenye A1. Na wakati huohuo daftari la vipimo, yaani 2HBS, liko wazi, na fundi, yaani kitazamio, amekaa kwenye cherehani akingoja kuambiwa ukubwa.

Pikseli na taa za wavuvi

Pikseli ni kitone kimoja cha rangi. Picha ya kompyuta ni vitone hivyo vilivyopangwa safu kwa safu, na ukali wake kwenye karatasi unategemea vitone vingapi vimepewa kila inchi. Hakuna fumbo zaidi ya hilo.

Dirisha la kitazamio kwenye kompyuta yetu lilikuwa na upana wa pikseli kama 900 na kimo cha 600, kwa sababu upande mmoja wa ukurasa ulikuwa na maelezo na vitufe. Karatasi ya A1 ikilazwa ina upana wa milimita 841. Ukigawanya 841 kwa 900 unaona kwamba kila pikseli yetu ilitandazwa hadi karibu milimita moja. Hivyo ndivyo vile vitofali. Mashine ilivichapa kwa uaminifu kabisa.

Basi zinahitajika ngapi? Hilo linategemea msomaji amesimama wapi. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao, panda kilimani utazame. Mitumbwi miwili iliyo karibu karibu huonekana kama taa moja. Inapokuja pwani, taa zinaachana na unaanza kuzihesabu. Jicho ndilo lenye mpaka. Mtu mwenye macho mazuri akiwa mita moja kutoka kwenye karatasi anaweza kutenganisha vitone vilivyoachana kwa takriban milimita 0.3, akiisogeza karatasi hadi sentimita 30 kutoka usoni, anatenganisha hata vya milimita 0.1 au pungufu kidogo.

Hapo ndipo ilipotoka ile namba 300 ambayo kila duka la kuchapa linaitaja. Pikseli 300 kwa inchi ni pikseli moja kwa kila milimita 0.085, yaani ndogo kiasi cha jicho kutoziona mtu anaposoma kitabu mkononi. Kwa ukurasa wa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa A3 ni 3508 kwa 4961. Bango la ukutani linasomwa kwa mbali zaidi, kwa hiyo 150 kwa inchi zinatosha vizuri, na A1 kwa kipimo hicho ni 4967 kwa 3508. Angalia kwamba ni karibu sawa na A3 ya kusoma mkononi. Anayekulazimisha uchape A1 kwa 300 anakuongezea mzigo ambao macho ya wapita njia hayatauona. Sisi tulikuwa na 27 kwa inchi.

Na ule ushauri wa kubadili DPI? Namba ile imeandikwa ndani ya faili kama maelezo ya kwamba pikseli zilizopo zipangwe kwa msongamano gani zikichapwa. Ukiibadilisha bila kuongeza pikseli, umebadili maandishi tu. Ni sawa na kuchukua kiroba cha unga cha kilo 25, kufuta namba na kuandika 50. Wanaokula hawaongezewi hata kijiko. Faili la pikseli 900 likiandikwa 300 litachapika kali kweli, lakini kwa upana wa inchi 3, na ukilivuta hadi A1 linarudi kulekule.

Kumwambia fundi akate upya

Kwenye Mol* utaona pembeni mwa dirisha alama ya kutolea picha. Ukiibonyeza, kabla ya kupakua, inakuuliza ukubwa: ule wa dirisha lako, au 1280 kwa 720, au 1920 kwa 1080, au 3840 kwa 2160, au namba unazoziandika mwenyewe. Wengi wetu tunabonyeza kupakua bila kugusa chochote na kuondoka na ukubwa wa dirisha. Andika namba zako. Kwa bango letu ni 4967 na 3508. Palepale unaweza kuiondoa rangi ya nyuma ili molekuli ikae juu ya rangi yoyote ya bango, na kukata nafasi tupu zilizobaki pembeni. Kompyuta ikiwa dhaifu, chagua 3840 kwa 2160. Kwenye A1 inakupa kama pikseli 116 kwa inchi, na kwa bango la ukutani hiyo bado ni picha ya heshima.

NGL hufuata njia tofauti kidogo. Inakuuliza uzidishe ukubwa wa dirisha mara ngapi. Dirisha la 900 kwa 600 likizidishwa mara 5 linatoa 4500 kwa 3000, na yote yanachorwa upya kutoka kwenye atomu, si kuvutwa. 3Dmol.js yenyewe hutoa kile kilichomo kwenye turubai yake tu, yaani eneo la ukurasa inamochorea, kwa hiyo anayetengeneza ukurasa inabidi aipanue turubai kwanza ndipo achukue picha. Na kama kompyuta ya shule ni ya zamani kiasi kwamba WebGL haifanyi kazi, kitazamio kingine, JSmol, huchora bila kuihitaji. Ni ya polepole, lakini inafika.

Jambo moja linawapoteza wengi: kukuza ukurasa wa kivinjari hadi asilimia 200 kisha kupiga skrinishoti. Herufi na vitufe vinakuwa vikubwa, mtu anadhani amepata zaidi. Skrini ya pikseli 1366 kwa 768 haiongezeki kwa kukuza ukurasa. Skrinishoti itakuja na pikseli zilezile 1366, na molekuli ikiwa imebanwa na vitufe vilivyonenepa. Skrini ya simu ya kisasa, kwa sababu inasongamanisha pikseli nyingi mahali padogo, wakati mwingine hutoa skrinishoti yenye pikseli nyingi kuliko kompyuta ya mezani. Hilo huwashangaza watu, lakini bado ni gauni la mtoto.

Kuna kitu ambacho sikukielezwa na yeyote, nikakiona kwa macho yangu mara ya kwanza nilipotoa picha kubwa: mistari ilikuwa imekonda. Ukiwa umeionyesha molekuli kwa mistari myembamba tu, kila mstari mara nyingi huchorwa kwa unene wa pikseli moja, iwe picha ni ndogo au kubwa. Kitambaa kimekuwa kikubwa mara tano, uzi umebaki uleule. Kwenye dirisha la 900 mstari unaonekana vizuri. Kwenye picha ya 4967 unakuwa kama unywele na ukichapwa unapotea. Dawa yake ni kuchagua mwonekano wenye unene wa kweli ndani ya muundo: vijiti, mipira, au ile mikanda inayofuata mnyororo wa protini. Hivyo hupimwa kwa vipimo vya molekuli yenyewe na hukua pamoja na picha. Kwa maandishi, mimi siyaweki kabisa ndani ya kitazamio. Nayaandika baadaye kwenye programu ya kupangia bango, ambako herufi hubaki kali kwa ukubwa wowote.

Usisahau pia kuwasha ulainishaji wa kingo pale unapouona. Bila huo, ukingo wa mpira unachorwa ama ndiyo ama siyo, na ngazi zinarudi. Ukiwashwa, pikseli za mpakani hupewa rangi iliyochanganyika, na jicho linauona mviringo.

Pale inapogoma

Sasa mtu akisikia haya huandika 20000 kwa 20000 ili awe na uhakika. Kivinjari kinaganda, au ukurasa unafungwa, au picha inatoka nyeusi.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kifaa. Kila pikseli huchukua baiti 4. Bango la A1 kwa 300 kwa inchi ni pikseli 9933 kwa 7016, karibu milioni 70, ambazo ni megabaiti 279 hata kabla ya kuhesabu nafasi inayotumika kukumbuka kipi kiko mbele ya kipi, na nafasi ya kulainisha kingo, ambayo huzidisha mzigo mara kadhaa. Simu ya gigabaiti 2 haiwezi, na si haki kuidai. Ya pili ni mpaka wa chipu ya picha yenyewe. Kila chipu ina upana wa mwisho inaoweza kuuchora kwa mkupuo mmoja. Kwenye simu nyingi za bei nafuu ni pikseli 4096 au 8192. Kompyuta nyingi za sasa hufika 16384. Ukiomba zaidi ya hapo, kivinjari kinaweza kukupunguzia kimyakimya bila kukuambia. Ndiyo maana ukishatoa picha, ifungue kwa ukubwa wake kamili, asilimia 100, usogee hadi kwenye ukingo wa mnyororo mmoja, uuangalie. Dakika moja hapo inaokoa gharama ya A1.

Vitazamio vingine vimepata njia ya kuuzunguka mpaka huo, na sisi watu wa Kigoma tunaijua njia hiyo kuliko wengi. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Hakuna njia ya kuileta meli nzima ya ukubwa ule hadi Ziwa Tanganyika. Wakaifungua, wakaipanga kwenye masanduku kwa maelfu, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. NGL hufanya hivyohivyo na picha kubwa: huigawa katika vipande, huchora kipande kimoja kimoja ndani ya uwezo wa chipu, kisha huviunga kuwa picha moja. Ni polepole zaidi, lakini reli haikuzidiwa.

Picha nyeusi au tupu ina kisa chake. Wanaotengeneza kurasa zao wenyewe hukutana nacho sana: molekuli inaonekana vizuri kabisa, lakini faili likipakuliwa halina kitu. Kwa kawaida WebGL, ikishakuonyesha mchoro, ina ruhusa ya kuifuta turubai papo hapo ili kuokoa kazi. Ni kama mwalimu anayefuta ubao mara tu darasa linapomaliza kunakili. Atakayeingia dakika moja baadaye atakuta ubao mtupu, ingawa somo lilifundishwa. Suluhisho ni kuchora na kuchukua picha katika tendo moja, kabla ubao haujafutwa, au kuiambia turubai tangu mwanzo kwamba isifutwe. Kitufe cha kutolea picha kilichomo ndani ya kitazamio kimeshazingatia hilo, na hii ni sababu nyingine ya kukitumia badala ya kutafuta njia za mkato.

Ukali wa aina mbili

Mkanganyiko ninaoujali kuliko yote ni huu, kwa sababu unagusa sayansi yenyewe. Ukifungua 4HHB utaona imeandikwa kwamba ukali wake ni angstromu 1.74. Ya 2HBS ni 2.05. Angstromu moja ni sehemu moja ya kumi ya nanomita. Mwalimu mwenzangu alipoona hivyo akadhani tukitumia 4HHB bango litatoka kali zaidi. Sivyo. Namba hiyo inaeleza jaribio la maabara lilitenganisha mambo madogo kiasi gani wakati wa kutafuta mahali pa atomu, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jaribio lilivyo bora. Haihusiani kabisa na pikseli. Muundo uliopimwa kwa ukali hafifu unaweza kuchapwa kwenye bango likawa safi kama kioo, na usafi huo ukamdanganya mtazamaji kwamba kila atomu inajulikana ilipo. Kinyume chake, muundo bora kuliko yote ukipigiwa skrinishoti utatoka na ukungu.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi walimu wenzangu wasichukue picha ndogo ya molekuli na kuipitisha kwenye programu za akili mnemba zinazoahidi kuongeza ukali. Programu hizo hazilijui daftari la vipimo. Zinakisia pikseli zinazopendeza macho. Kwenye picha ya harusi hilo lina nafuu yake. Kwenye molekuli, kijiti kinaweza kuunganishwa na jirani asiye wake, na mkanda ukaongezwa mkunjo ambao haupo duniani. Na hakuna haja, wakati vipimo vya kweli viko wazi na vya bure.

Katika bango letu tofauti hiyo ilikuwa kila kitu. Selimundu inatokana na badiliko moja katika kila mnyororo wa beta, ambayo ni miwili kati ya ile minne ya hemoglobini: mahali pa sita, palipopaswa kuwa na asidi amino iitwayo asidi glutamiki, pamekaa nyingine, valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo mwaka 1957. Miaka mitatu kabla yake, Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alikuwa ameonyesha kwamba wenye kurithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu wanapata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana imedumu katika nchi za malaria kama hii yetu. Katika 2HBS hemoglobini mbili zimelala ubavu kwa ubavu, na valini ya moja imejichomeka kwenye kishimo cha mwenzake, penye asidi amino mbili, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Kuchomeka kule ndiko kunakozifanya hemoglobini zishikamane kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi ndizo zinazoikunja chembe ya damu kama mundu. Kati ya asidi amino 1148 za picha ile, tulitaka watu waone moja. Kwenye skrinishoti yetu ilikuwa imepewa pikseli chache tu, na chache hizo ndizo zilizogeuka doa.

Kutoka kwenye kompyuta hadi dukani

Picha nzuri inaweza kufia njiani. Ihifadhi kama PNG, aina ya faili la picha ambayo haipotezi kitu. JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa baadhi ya mambo madogo, na kingo kali za molekuli ndizo zinazoumia kwanza, huzungukwa na vumbi la rangi. Halafu kuna tabia yetu ya "nitumie WhatsApp". Ukiituma kama picha, WhatsApp huipunguza, na yote uliyofanya yamepotea ndani ya sekunde moja. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwa flashi. Matoleo mengi ya Word nayo huzipunguza picha kimya unapohifadhi, kwa hiyo kama bango limepangwa humo, zima mpangilio huo kwanza. Na ujue kwamba skrini inatoa mwanga ilhali karatasi ina wino, kwa hiyo buluu na kijani kali zitapoa kidogo zikichapwa. Rangi nyeusi ya nyuma, inayopendeza sana kwenye skrini, inakunywa wino na kumeza vivuli. Nyeupe inatosha.

Tulirudi na 2HBS siku iliyofuata. Mnyororo mmoja mmoja tuliupa mkanda, valini ya sita na kishimo chake tukavionyesha kwa mipira, maandishi tukayaacha kwa programu ya bango. Tukaandika 4967 kwa 3508. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikatoa PNG, tukaikagua kwa asilimia 100, tukaibeba kwa flashi. Pembeni mwa bango, chini, tuliandika utambulisho wa muundo ili yeyote atakayetaka kuufungua na kuugeuza mwenyewe aujue. Mashine ilikuwa ileile, na wino uleule. Ukiweka pua kwenye karatasi sasa, valini ina kingo, na ukifuata ukingo wake kwa kidole unaona mahali inapozama kwa mwenzake.